WAJANE WALIMWONYESHA PETRO NGUO

 

Nawaandikia kutoka Sena. Mvua imezuia boti, stima imepotea tangu alfajiri, simu yangu iko asilimia 38. Nitaandika mpaka izime. Neno hili nimeliahirisha wiki tatu sasa. Somo lenyewe si gumu, ila linanichoma mimi kabla halijafika kwako, na mchungaji naye ni mtu, hapendi kutangaza mahali alipokosea.

Fungua Biblia yako, Matendo ya Mitume sura ya 9, kuanzia mstari wa 36. Soma polepole. Yafa ni mji wa bandari, watu wa maji kama sisi. Kuna mama anaitwa Tabitha, jina lingine Dorkasi. Anaugua, anakufa. Wanamwosha, wanamlaza chumba cha juu. Wanatuma watu wawili wakamwite Petro kule Lida. Petro anafika, anapanda juu, na pale anakuta wajane wamesimama wanalia. Sasa angalia mstari wa 39. Wanafanya nini wale wajane? Wanamwonyesha Petro nguo. Nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa hai.

Nimehubiri sura hii mara nyingi sana. Kila mara nimekimbilia mstari wa 40, mahali mama anapofufuka, kwa sababu hapo ndipo watu husimama na kupiga vigelegele. Sijawahi kukaa kwenye zile nguo. Wiki hizi tatu nimekaa hapo, na sijatoka.

Hebu fikiria chumba kile. Hakuna aliyemsomea Petro cheti cha Dorkasi. Hakuna aliyesema huyu mama alikuwa mchapakazi, mwenye bidii, anayeweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo. Walishika kitambaa wakakinyoosha mbele ya macho yake. Aone mshono. Aone upindo ulivyonyooka. Pengine wengine walikuwa wamezivaa, akashikwa mkono, akaambiwa, Mtumishi, shika hapa uone. Kazi ya yule mama ilimsemea siku ambayo yeye mwenyewe hakuweza kufungua kinywa.

Sasa nikwambie kwa nini imenichoma.

Kuna kijana wa kanisa letu. Simtaji jina. Mnaomjua mtamjua, na amenipa ruhusa niandike. Huyu kijana alianza kwa kuandika majina kwenye boti pale bichi. Wewe wa Mfangano unajua boti haliingii majini bila jina. Kuna mwenye kuandika Zaburi, kuna mwenye kuandika jina la mama yake, kuna mwenye kuandika timu ya mpira ya Uingereza, na kuna wale wanaoandika maneno ya kuwarushia jirani zao ambayo sitayarudia hapa. Huyu kijana akishika brashi, herufi zinainuka kwenye ubao kana kwamba unaweza kuzishika. Anazitia kivuli chini, rangi tatu, na mstari hautetemeki. Watu walikuwa wanamtafuta kutoka Takawiri.

Baadaye akapata simu yenye kioo kilichopasuka, akaanza kutengeneza mabango ndani ya simu hiyo. Mabango yetu yote ya kesha ni yeye. Kadi za harusi. Vitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu na historia yake na ratiba ya ibada. Na chini kulia, kwenye kona, kila mara aliweka samaki mdogo sana, omena mmoja, kama alama yake. Wengi wenu hamkuwahi kuiona. Mimi pia sikuiona mpaka nilipoambiwa.

Alikuwa na ukurasa wake mtandaoni. Alikuwa ameweka kazi zake zote pale, za miaka minne.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, nilihubiri juu ya kujionyesha. Mnaikumbuka ile ibada. Nilisoma Mathayo 6. Nilikuwa na hasira, nakiri, kwa sababu ya mambo fulani ambayo vijana wengine walikuwa wanaweka mitandaoni mwezi ule, na hasira ya mchungaji ikipanda madhabahuni inapiga hata wasiohusika. Nilisema kila picha unayoweka ili watu wakusifu, hiyo sifa ndiyo thawabu yako, umeshalipwa, usingoje nyingine. Nilisema mjifunze kujificha ili Mungu aonekane. Kanisa likasema amina mpaka bati likatetemeka.

Usiku ule yule kijana alienda nyumbani akafuta ukurasa wake. Wote. Aliniambia alifuta akilia, akijua anamtii Mungu. Miezi michache baadaye simu ikamponyoka akiwa kwenye boti, ikaingia ziwani. Kazi ya miaka minne iko chini ya Nam Lolwe pamoja na mawe.

Mwaka huu akasikia kuna ofisi kule bara inatafuta mtu wa kuchora na kupanga mabango ya afya kwa ajili ya bichi za Homa Bay na Migori. Mabango ya kuwafundisha wavuvi! Ungetafuta mtu wa kazi hiyo kuanzia Muhuru Bay mpaka Kendu Bay, usingempita huyu. Akatuma cheti chake cha KCSE. Akatuma barua yangu, nami niliandika barua nzuri, ukurasa mzima, nikamsifu kwa uaminifu wake. Wakajibu kwa adabu: asante, sasa tutumie linki ya kazi zako.

Hakuwa na linki. Hakuwa na kitu. Akakimbia bichi saa sita mchana, jua liko utosini, akapiga picha boti mbili. Moja nyavu zilikuwa zimefunika nusu ya jina. Akazituma kwa WhatsApp, zikafika zimefifia kama zimepigwa ndani ya moshi. Nafasi ikaenda kwa mtu mwingine.

Alikuja nyumbani kwangu. Hakuja kulalamika. Alikuja kuniomba nimwombee uvumilivu. Nikamwuliza, kwa nini hukuwatumia yale mabango ya kesha? Akanyamaza. Akaangalia chini. Kisha akasema, "Pasta, si ulisema."

Wapendwa, nimekaa katika huduma miaka mingi. Nimetukanwa, nimesingiziwa, nimelala njaa. Maneno hayo matatu yamenipiga kuliko yote.

Kwa hivyo leo narekebisha mahubiri yangu mwenyewe, na ninaomba wale waliosema amina siku ile wasome mpaka mwisho.

Mathayo 5 na Mathayo 6 ni mlima mmoja, siku moja, Yesu mmoja. Katika sura ya 5 anasema taa huwekwa juu ya kinara iwaangazie waliomo nyumbani. Katika sura ya 6 anaonya juu ya kufanya wema ili tutazamwe. Je, amesahau alichosema dakika chache zilizopita? Hapana. Mimi ndiye niliyesoma nusu. Ukiangalia vizuri, sura ya 6 inataja mambo matatu kwa majina: sadaka, maombi, na kufunga. Hiyo ni ibada. Hayo ni kati yako na Baba yako, na ukiyapiga picha ukayarusha mtandaoni, maneno yangu ya mwaka juzi bado yanakuhusu, sijayafuta. Lakini kiti cha seremala si sadaka. Gauni la fundi si maombi. Bango la kuwaambia watu kesha ni Ijumaa, likificha uso wake, litamwambia nani?

Bwana wetu alikuwa seremala. Marko 6:3, watu wa kwao wanamtambua kwa kazi yake. Wangemjuaje kama meza zake zilikuwa zimefunikwa gunia nyuma ya nyumba?

Na sisi watu wa kisiwa hiki ndio tusiokuwa na sababu ya kushindwa kuelewa. Toka nje usiku wa giza, mwezi usipokuwepo. Tazama ziwani. Zile taa za omena zimetapakaa kama mji, mgeni anaweza kudhani kuna Kisumu nyingine katikati ya maji. Wazee walitumia karabai, siku hizi ni taa za sola. Taa inawekwa juu ya maji kwa sababu omena hufuata mwanga. Mvuvi akiifunika taa chini ya boti kwa unyenyekevu, asubuhi atarudi na magunia matupu, na mke wake hatamwita mnyenyekevu. Mnajua atamwita nani.

Najua kuna mzee mmoja wa kanisa atanipigia simu baada ya kusoma hapa, aniulize, Pasta, na Mithali 27:2? Si inasema tuache wengine watusifu? Mzee wangu, hapo ndipo penyewe. Kusifu ni kitu kingine na kuonyesha ni kitu kingine. Kijana akiandika kwamba yeye ni msanii wa ajabu asiye na mfano nchini, huyo amejisifu, na mwajiri mwenye akili atamruka. Akiweka bango lake bila neno la majivuno, bango ni bango. Mwenye macho ataamua mwenyewe.

Ukisoma 1 Samweli 16, Sauli anatafuta mpiga kinubi. Mtumishi mmoja anasimama na kumtaja kijana wa Yese, Mbethlehemu, na anaanza kwa kusema amemwona. AMEMWONA. Kisha anataja ujuzi wake, ushujaa wake, maneno yake yenye busara, na kwamba Bwana yuko naye. Angalia ni kipi kilitajwa mwanzo: kupiga kinubi. Daudi alikuwa porini na kondoo, lakini mahali fulani, siku fulani, mtu alipita akasikia nyuzi zile. Kama Daudi angepiga kinubi ndani ya pango tu, mlango umefungwa, yule mtumishi angemwambia nini mfalme? Barua yangu nzuri ya ukurasa mzima ilikuwa ushahidi wa nusu. Nilimshuhudia kijana tabia, na kazi yake nilikuwa nimeiamuru izikwe.

Na tusiseme haya ni mambo ya vijana wa Nairobi. Kuna Mkenya, Osborne Macharia, alisomea usanifu wa majengo pale JKUAT, upigaji picha akajifunza mwenyewe. Aliweka picha zake mtandaoni mahali ambapo mtu yeyote duniani angeziona, na mwaka 2018 akapewa kazi ya kutengeneza picha za filamu ya Black Panther. Sisemi mkatazame filamu. Nasema kazi ilionekana, na kazi ikaita kazi.

Hata hapa kwetu. Pale Mawanga na Kwitone kuna miamba iliyochorwa duara nyekundu na nyeupe, kazi ya watu waliokaa kisiwani kabla ya babu zetu. Inasemekana walikuwa Watwa. Wageni wanavuka ziwa kuja kuiona, wanapitia Makumbusho ya Amani ya Abasuba pale Ramba. Mambo ya kuombea mvua kwenye mawe mnajua msimamo wangu, sitayarudia. Lakini mkono ule ulipewa ustadi na Mungu yuleyule aliyempa Bezaleli katika Kutoka 31, na kazi ingalipo kwa sababu ilichorwa mahali pa kuonekana. Jina la mchoraji tu ndilo lililopotea. Bezaleli sisi tunamjua kwa jina, jina la baba yake na kabila lake, kwa sababu Musa alisimama mbele ya Israeli wote akamtangaza. Huyo alikuwa na mchungaji mzuri kuliko mimi.

Sasa tushuke kwenye kazi yenyewe, kwa sababu toba bila matengenezo ni kelele. Dada mmoja wa ushirika wetu anayefanya kazi ya namna hii Kisumu ametusaidia, mimi na kijana, jioni tatu kwa simu. Ninayoandika ni aliyotufundisha yeye. Mimi ni mwanafunzi tu.

Siku hizi ukiomba kazi ya kuchora, kupiga picha, kushona, kuandika, kuhariri video, hata kusuka na kupamba harusi, mwajiri anataka potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako anaoweza kuufungua kwenye simu yake. Usimpelekee picha sitini. Kazi nane au kumi, zile bora tu, na iliyo bora kabisa iwe ya kwanza, maana huenda asifike ya pili. Kila kazi iandikie sentensi mbili au tatu: nani alikuagiza, shida ilikuwa nini, wewe ulifanya nini. Kijana alitueleza jambo ambalo sikuwahi kulijua. Lile bango la kesha lenye tarehe kubwa kupita jina langu (na nilikuwa nimenung'unika kidogo moyoni, jina la mtumishi limekuwa dogo hivi?), alifanya hivyo kwa sababu lilikuwa linabandikwa ukutani pale posho mill, na alitaka nyanya asiye na miwani aisome tarehe akiwa ameketi kwenye foleni. Dada wa Kisumu akapiga kelele kwenye simu: "Andika hiyo! Hiyo ndiyo inaajiriwa!" Kumbe mwajiri anatafuta fikira iliyo nyuma ya rangi.

Picha za vitu, kama boti au nguo au samani, zipige asubuhi au jioni jua likiwa chini, mwanga ukiangukia upande wenye kazi. Toa nyavu. Futa matope. Nguo itundike mbele ya shuka jeupe lililopigwa pasi. Usitume picha kwa WhatsApp kama picha, inazibana zinapoteza sura. Zitume kama faili. Ukiweka kwenye Google Drive, hakikisha umeruhusu kila mwenye linki afungue, kisha ijaribu kwenye simu ya mtu mwingine kabla hujaituma. Wengi wanaangukia hapo. Mwajiri anabonyeza, anaambiwa aombe ruhusa, anakwenda kwa anayefuata. Behance ni bure, na mashirika mengi hutafuta watu huko. Instagram pia inafaa, ila fungua ukurasa wa kazi peke yake, usichanganye na picha za mbuzi wa Krismasi. Na barua pepe iwe na jina lako la kawaida. Kuna ndugu hapa, simtaji, anaomba kazi kwa barua pepe inayoanza na jina ambalo siwezi kulitamka madhabahuni.

Bando ni ghali, najua. Wengi wetu tulifungulia barua pepe ya kwanza pale Ekialo Kiona, enzi zile ambapo ukipima HIV kila miezi sita unapata kutumia kompyuta na intaneti. Ekialo Kiona, dunia yote. Kisiwa hiki kilipewa dunia yote kwa nguvu za jua, nami nikawaambia vijana wajifunike!

Lakini sikiliza sana hapa. Taa iwe yako.

Kuna vijana wanachukua picha za watu wengine mtandaoni, wanakata alama ya mwenyewe, wanabandika jina lao. Huo ni wizi, na amri ya nane haikusema isipokuwa mtandaoni. Kuna wanaoagiza kompyuta iwachoree kwa akili mnemba halafu wanasema wamechora kwa mkono. Kutumia chombo si dhambi. Kudanganya kuhusu mkono ni uongo, na utafichuka siku ya kwanza kazini utakapopewa kalamu. Someni 2 Wafalme 6. Yule mwana wa manabii anakata mti, kichwa cha shoka kinaanguka majini, naye analia mbele ya Elisha, kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Hakusema ni lake. Ndugu yangu, kama picha ya nyuma si yako, andika: maandishi na mpangilio ni wangu, picha ni ya fulani. Hakuna atakayekudharau kwa ukweli.

Na ujue sheria inakulinda wewe pia. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi yako ni yako tangu ulipoitengeneza, hata kama hujaisajili. Ukitaka ushahidi zaidi, Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, husajili. Ila ukiagizwa kazi na mtu, au ukiifanya ukiwa umeajiriwa, hakimiliki yaweza kuwa yake yeye, msipoelewana vingine. Kwa hivyo kabla hujaweka mtandaoni kazi uliyoagizwa, omba ruhusa, na iwe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha kukumbushana.

Vitabu vya mazishi ndivyo vilitusumbua sana. Kazi nzuri kuliko zote za kijana ni kitabu cha mazishi ya mama mmoja wa hapa. Lakini ndani kuna sura za watoto wake, na namba ya M-Pesa ya mweka hazina. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto. Na hata bila sheria, ni kilio cha watu. Kijana alienda mwenyewe kwa ile familia, akakaa nao, akanywa chai. Baba wa watoto akakubali jalada tu, lenye picha ya mama akicheka. Kurasa za ndani akakataa. Kijana akasema asante, na jalada pekee ndilo litakaloonekana.

Jambo lingine nitapita haraka. Ukiambiwa utume pesa ya usajili ndipo uonwe kazi zako, kimbia. Ukipewa jaribio la kazi dogo, fanya. Ukipewa jaribio la wiki tatu bila malipo, na kazi yako inatumika, huyo ni Labani, na Yakobo alishatufanyia miaka saba tujifunze.

Wazazi, nanyi. Acheni kumwambia mtoto kuchorachora si kazi. Ulimwambia hivyo huku ukipanda boti alilolipamba yeye.

Sasa nafika kwenye ombi langu. Simu iko asilimia 11.

Kuna nafasi nyingine imetangazwa, shirika tofauti, kazi inayofanana. Inafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kijana hana kazi zake za zamani. Mimi ndiye niliyemfanya azifute. Lakini wale wajane wa Yafa hawakuzitoa nguo kwa Dorkasi, maana Dorkasi alikuwa amelala. Walizitoa kwenye masanduku yao. Na mabango ya huyu kijana tulitumiwa sisi, kwenye makundi yetu, miaka yote ile.

Naomba kila mmoja wenu afungue picha za simu yake, arudi nyuma mpaka mwaka ule. Tafuteni mabango ya kesha, kadi za harusi, semina ya wanandoa, ibada ya mavuno, mashindano ya kwaya. Angalieni kona ya chini kulia. Mkiona omena mmoja mdogo, ni yeye. Tumeni kwa mama kanisa kama faili, namba yake mnayo. Walioko Mbita, Rusinga, Nairobi, hata ninyi mlioko Uarabuni, makundi yenu ya zamani msiyafute kabla hamjatazama.

Mpaka sasa tumepata kumi na nne. Mama mmoja wa kikundi cha wanawake alikuwa amelibandika bango la kongamano la 2021 kwenye ukuta wa kibanda chake cha mboga, na jana nilimkuta na kisu cha jikoni akilibandua polepole, ulimi nje kama mtoto wa shule, lisichanike. Limetoka zima. Limepauka upande mmoja tu.

Lile la mkesha wa mwaka mpya, lenye boti na taa nyingi juu ya maji, ambalo kijana anasema ndilo lingekuwa la kwanza, bado halijaonekana. Nakumbuka nililituma kwenye kundi la maombi usiku wa tarehe 30 Desemba, na mtu akajibu kwa mikono mitatu ya kupiga makofi. Wewe uliyepiga makofi, tafuta kwenye simu yako.